Mtoto mwenye kigugumizi Lubumbashi: ortofonisti, kikundi cha wenzake, au kazi ya nyumbani?

Mzazi ambaye mtoto wake anakwama akisema hakosi washauri. Shangazi atamwambia asubiri, mtoto akikua ataacha. Jirani wa lupango atasema ulimi umeshikwa chini, ukakatwe. Mchungaji ataomba siku tatu za kufunga. Mwalimu atasema ni woga. Halafu kuna yule binamu aliyesoma Kinshasa, ambaye atasema "mtafuteni ortofonisti", yaani mtaalamu wa tiba ya usemi, na kukata simu bila kueleza anapatikana wapi.

Ushauri ni wa bure. Kuufuata ndiko kunakogharimu. Kuna nauli ya taksi-basi, kuna mega za simu, kuna siku ambayo mama hakwenda sokoni kuuza. Familia nyingi za komine zetu kama Katuba, Kenya au Ruashi haziwezi kushika njia mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni lazima kujua ipi ianze. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimekaa na wanafunzi wenye kigugumizi na wazazi wao kwa miaka mingi, na siku hizi mzazi akiniuliza, mimi humuuliza kwanza umri wa mtoto. Pesa inafuata.

Tunazungumzia nini hasa

Kigugumizi kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, wakati sentensi zake zinapoanza kurefuka. Anarudia silabi (ma-ma-mama), anavuta sauti (mmmmaji), au neno linagoma kabisa: mdomo uko tayari, sauti haitoki. Kati ya watoto 100, kama 5 hupitia hali hiyo, na wengi wao, karibu 4 kati ya hao 5, huacha. Kwa watu wazima hubaki mtu 1 hivi kati ya 100. Katika mji wenye watu zaidi ya milioni mbili kama wetu, hao ni maelfu, ingawa kila kijana ninayekutana naye anaamini yuko peke yake.

Chanzo kiko katika namna ubongo unavyoendesha usemi, na kwa sehemu kubwa kinarithiwa. Ukiuliza ukoo vizuri mara nyingi utamkuta mjomba au babu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza jeni za kwanza zinazohusiana na kigugumizi, baada ya kuzichunguza familia za Pakistani. Woga hauleti kigugumizi. Ni kigugumizi kinacholeta woga, mtu akishachekwa vya kutosha. Wala lugha nyingi si kosa. Mtoto wa hapa anasema Kiswahili uani, Kifaransa darasani, Kibemba au Kiluba kwa bibi yake, na wazazi huambiwa wampunguzie. Hakuna haja, na mara zote lugha inayopunguzwa huwa ile ya bibi.

Jambo moja linawachanganya walimu wenzangu. Mtoto huyo huyo akiimba kwaya hakwami. Akisoma pamoja na darasa zima hakwami. Akimsemesha mdogo wake wa miezi sita, vilevile. Basi wanahitimisha kwamba anajifanya. Hajifanyi. Mdundo na sauti za wenzake humsaidia kujua wakati wa kila silabi, na ndivyo ilivyo kwa karibu wote wenye kigugumizi duniani. Mwache aimbe kwa kuwa anapenda kuimba, ila usitegemee kwaya kuwa tiba.

Chini ya miaka 6: kusubiri au kuanza?

Shangazi anayesema "subiri" ana hoja, kwa kuwa wengi huacha wenyewe. Shida ni kwamba hakuna awezaye kukuonyesha leo ni nani atakayebaki nacho. Ziko dalili za kutazama: mtoto ni mvulana, kuna mtu wa ukoo ambaye hakuacha, umepita nusu mwaka au zaidi na hali haipungui, mtoto anakaza shingo, anafumba macho, au ameanza kukatiza sentensi kwa kusema "acha tu". Ukiona mbili au tatu kati ya hizo, usisubiri. Lakini msichana wa miaka mitatu aliyeanza mwezi uliopita, anayerudia maneno kwa wepesi na hajali, mpe miezi michache ukimsikiliza vizuri.

Ukiamua kuanza, wataalamu wana njia mbili kubwa za umri huu, na katika zote mbili mfanyakazi ni mzazi. Ya kwanza ni Lidcombe, iliyoundwa Sydney, Australia, miaka ya 1980. Mzazi hukaa na mtoto dakika 10 hadi 15 kila siku katika mchezo, na mtoto akisema bila kukwama humsifia kwa neno fupi. Mara moja moja tu, kwa upole, humwonyesha palipokwama. Kila siku huandika alama ya ukali wa kigugumizi, na kila wiki mtaalamu huziangalia pamoja naye. Njia ya pili haigusi usemi wa mtoto. Inapunguza mzigo unaomzunguka: watu wazima wanasema taratibu, maswali yanapungua, hakuna anayemkatiza, na kila mtoto wa nyumba anapata zamu yake ya kusema.

Uholanzi walizipambanisha njia hizo kwa watoto 199, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, watoto ambao hawakuwa na kigugumizi tena walikuwa asilimia 76.5 upande wa Lidcombe na asilimia 71.4 upande wa pili. Kwa hesabu za utafiti, tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huwezi kusema ipi imeshinda.

Kwangu mimi hapo ndipo uamuzi unapokuwa rahisi kwa familia ya Lubumbashi. Lidcombe inahitaji mtaalamu wa kukuongoza kila wiki. Bila yeye inaharibika haraka: nimeona wazazi walioisikia nusunusu wakageuza "kumwonyesha palipokwama" kuwa kumsahihisha mtoto mchana kutwa, hadi mtoto akaamua kunyamaza. Njia ya pili nayo hufanywa vizuri zaidi ukiwa na mtaalamu, lakini ukiifanya peke yako huwezi kumwumiza mtoto. Kama hujampata mtu wa kukuongoza, hata kwa simu, anza na hiyo.

Inavyoonekana kwa macho ni hivi. Baba ameketi kwenye mkeka, mtoto ana motokari yake ya waya. Baba haulizi "hii ni nini, ya rangi gani, inaenda wapi?" Anasema tu, "Inapita barabara ya Kasumbalesa." Ananyamaza. Mtoto anasema, "I-i-inabeba shaba." Baba anasubiri kidogo, kisha anajibu, "Ee, inabeba shaba. Ni nzito." Hakuna "sema vizuri", hakuna "pumua kwanza". Macho ya baba yako kwa mtoto, simu iko chumba kingine, kaka na dada wako nje. Dakika tano za namna hiyo kila siku. Baba mmoja aliyezoea kuamuru wafanyakazi mgodini aliniambia kwamba kunyamaza kule kulimtoa jasho kuliko kazi yake.

Miaka 6 hadi 12

Hapa nitapita haraka. Uwezekano wa kuacha chenyewe unapungua kila mwaka, na kikundi cha vijana bado si cha umri wao. Pesa kidogo iliyopo iende kwa mtaalamu kwa vipindi vichache, na nguvu zote ziende shuleni: mwalimu wa darasa aelezwe na mzazi mwenyewe, na wanaomcheka wakomeshwe mapema. Mkimpata hata mtoto mmoja mwingine mwenye kigugumizi, wakutanisheni wacheze. Msiite mkutano. Wacheze tu.

Kijana: mtaalamu au wenzake?

Kuanzia miaka 13 hivi swali linabadilika. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kigugumizi, na kijana aliyefika umri huu nacho huenda akaishi nacho. Anayekuahidi kumponya kabisa kwa mwezi mmoja, funga mfuko.

Tazama asubuhi darasani. Mwalimu anaita majina, kila mmoja anajibu "Présent!" Neno hilo huanza na midomo iliyofungwa, na kwa kijana mmoja niliyemfundisha midomo ilikuwa ikifungwa na kubaki hivyo. Unaona mshipa wa shingo, kope zinapiga, mguu wa kulia unagonga sakafu chini ya benchi kulisukuma neno. Sekunde nne, tano. Nyuma kuna mtu ameanza kucheka. Akajifunza kuinua mkono tu. Baadaye akajifunza kuchelewa, afike majina yamekwisha kuitwa, na daftari la shule likamwandika mtoro. Kwenye taksi-basi alikuwa akipitishwa kituo chake kwa sababu neno la kumsimamisha dereva halikutoka kwa wakati, akarudi kwa miguu juani. Jioni moja akamwambia mama yake, "Ku masomo siendi tena."

Mpe kijana huyo ortofonisti. Atapata mbinu, na ziko za aina mbili. Aina moja inamfundisha kusema upya: kuanza sauti kwa ulaini, kurefusha irabu, kugusanisha midomo kwa wepesi. Ndani ya chumba cha tiba anaweza kusema robo saa bila kukwama. Akitoka, mbele ya mjomba mkali, mbinu zinamkimbia. Aina ya pili inatokana na kazi ya Charles Van Riper wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Hii inamfundisha kukwama kwa namna nyepesi. Akishakwama kwenye neno, anatulia, kisha analisema tena bila kulisukuma. Baadaye anajifunza kulilegeza akiwa katikati yake, na mwishowe kujiandaa kabla hajaligusa. Kwa vijana mimi naipendelea hii ya pili, kwa kuwa haimtaki awe mlinzi wa kila silabi yake mchana kutwa. Wataalamu wengi huchanganya zote mbili, na hilo ni sawa.

Udhaifu wa njia ya ortofonisti kwetu unajulikana: nchini mwetu maortofonisti ni wachache mno. Shule inayowafundisha kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa iko Lomé, Togo. Hapa mjini anza kuuliza kwenye hospitali kubwa, kama Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, idara ya ORL (masikio, pua na koo), ambako pia watampima masikio. Ukimpata mtaalamu, muulize maswali matatu kabla ya kulipa: ameshafanya kazi na watoto wangapi wenye kigugumizi? Mzazi atahusishwa vipi? Na baada ya miezi sita, kijana akiwa bado anakwama, tutajua kwa dalili gani kwamba kazi imefaa? Anayejibu swali la tatu kwa kusema "atakuwa anaongea na watu zaidi, atakuwa anainua mkono darasani" amelielewa jambo. Anayejibu "hatakwama tena" hajalielewa.

Sasa mpe kijana huyo huyo kikundi. Kikundi hakimfundishi kusema. Kinampa mahali ambapo sekunde tano za kimya hazimshtui mtu. Mara ya kwanza vijana wengi hawasemi kitu. Wanatazama tu, kwa sababu hawajawahi kumwona mwingine akikwama. Wanaona kope zinapiga kama zao. Halafu anatokea mmoja anayesimulia mzaha mrefu, unamchukua dakika tatu, na hakuna anayemmalizia sentensi, na mwisho wake watu wanacheka, wanaucheka mzaha.

Kuna zoezi ambalo wataalamu pia hulitumia, lakini kijana hulifanya kwa urahisi zaidi akiwa na mwenzake: kukwama kwa makusudi. Vijana wawili wanaingia soko la Kenya (komine yetu, si nchi ya Nairobi). Mmoja anauliza bei, "L-l-l-lengalenga bei gani, mama?" huku akimtazama muuzaji machoni bila kuharakisha. Mwenzake anachunguza: Alicheka? Alimmalizia neno? Alitaja bei? Kisha wanabadilishana zamu. Mara nyingi muuzaji anataja bei na kuuliza unataka mafungu mangapi, kwa kuwa ana wateja wengine wanaosubiri. Kijana aliyekuwa akiamini kwamba soko zima linamcheka anaondoka na hesabu nyingine, aliyoifanya mwenyewe.

Kikundi nacho kina kasoro zake, na ni haki kuzitaja. Bila mtu wa kukiongoza kinageuka kuwa mahali pa kulalamika. Akitokea mkubwa mmoja anayejitangaza "nilipona, nifuateni mimi", wadogo wanarudi nyumbani wakiwa na aibu maradufu. Mtoto wa miaka 12 na mtu wa miaka 25 hawana mazungumzo yanayofanana. Na kuna suala la wasichana ambalo halisemwi. Kwa watu wazima, wanaume wenye kigugumizi ni kama wanne kwa kila mwanamke mmoja. Kwa hiyo katika kikundi cha vijana sita msichana atajikuta peke yake, au hatakuwepo kabisa kwa sababu nyumbani wamemzuia kwenda kukaa na wavulana Jumamosi jioni. Mtafutieni mwanamke mkubwa mwenye kigugumizi akae naye. Nyumba nyingi zina shangazi wa namna hiyo ambaye amenyamaza miaka yote.

Nchi nyingine zimelifanya hili zamani. Marekani kuna National Stuttering Association tangu 1977, na Friends, iliyoanzishwa 1997 mahususi kwa vijana na familia zao. Ufaransa kuna Association Parole Bégaiement tangu 1992. Afrika kuna vyama Kameruni na Burkina Faso. Jambo la kuiga, na halina gharama, ni mpango wa mikutano ya Friends: vijana, wazazi na ndugu wa tumbo moja wanakuja pamoja, kisha kila kundi linaingia chumba chake. Kijana husema mengi mama yake asipokuwepo, na mama vilevile.

Kuanzisha kikundi Lubumbashi kunahitaji vijana watatu, watu wazima wawili, na darasa lililo wazi Jumamosi mchana au ukumbi wa parokia. Waulize walimu; kila shule ina mmoja au wawili. Tarehe 22 Oktoba, siku ya kimataifa ya kigugumizi tangu 1998, ni kisingizio kizuri cha kutoa tangazo redioni au kanisani. Masharti yawe machache: hakuna kumalizia neno la mwenzako, kila mtu ana haki ya kupisha zamu yake, yanayosemwa humu yanabaki humu. Milango na madirisha yawe wazi, na mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja.

Basi nichague? Kwa kijana wa miaka 15 aliyeanza kukimbia watu, na pesa ikiwa ya kitu kimoja, ningeanza na kikundi, kisha mtaalamu. Mbinu anazofundishwa mtu mwenye aibu huzitumia kujificha vizuri zaidi. Ningegeuza mpangilio kwa yule anayesema mwenyewe, "Nataka kujifunza, nina mtihani mwakani," kwa sababu huyo ana sababu yake tayari. Na kijana aliyeacha kula, aliyejifungia ndani, au anayesema heri nisingezaliwa, huyo hana haja ya kulinganishiwa chochote. Apelekwe kwa daktari au mwanasaikolojia wiki hiyo hiyo, mengine yatafuata.

Ana kwa ana au kwa simu

Tiba kwa video si tiba ya daraja la pili. Australia walijaribu kutoa Lidcombe kwa kamera na matokeo yakalingana na ya kliniki, na kuna programu nyingine ya huko, Camperdown, ambayo vijana na watu wazima huifuata kwa njia hiyo. Kwa hiyo mtaalamu aliye Kinshasa au Lomé anaweza kumfaa mtoto wa Kampemba. Kinachovunja kazi ni umeme wa SNEL na mega zinazokwisha katikati ya kipindi. Vipindi vifupi, asubuhi, vinaharibika mara chache kuliko kimoja kirefu cha jioni.

Kwa kikundi, simu ni hadithi nyingine. Kundi la WhatsApp la maandishi matupu ni raha kwa kijana mwenye kigugumizi, na raha hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi: anaandika kurasa, mdomo umefungwa. Sauti zilizorekodiwa ni afadhali, ila kijana atairekodi upya mara kumi hadi ipatikane isiyo na mkwamo hata mmoja. Kubalianeni kwamba inatumwa ile ya kwanza, ilivyo. Makundi ya Kifaransa yanayovuka mipaka ni makubwa na yana watu wenye uzoefu, na kijana atajifunza mengi humo. Lakini hayamsindikizi sokoni. Mwenzake mmoja wa Katuba anatosha kwa hilo.

Wazazi nao

Mama wa Lubumbashi mwenye mtoto anayekwama amekwisha kuulizwa alikula nini akiwa na mimba, alimtisha mtoto lini, alimwogesha na maji gani. Kumwambia mtaalamu hayo yote ni aibu. Kumwambia mama mwingine aliyeulizwa maswali yale yale ni nafuu. Kwa hiyo kikundi cha wazazi kina kazi yake hata kama mtoto anaenda kliniki kila wiki. Mtaalamu atamweleza mama la kufanya. Wazazi wenzake watamsaidia kulifanya mbele ya mama mkwe.

Akina baba hawaji kwa urahisi. Wapo ambao wenyewe wana kigugumizi na wamekificha miaka yote, kwa kusema maneno machache na kuchagua yale yasiyogoma. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mi nilikuwa ninaficha, sikutaka mtoto aone." Mtoto alikuwa ameona zamani. Siku baba alipokubali kukwama waziwazi mezani, akiomba apitishiwe sombe, kijana aliacha kula akamtazama, kisha akampa bakuli. Sijui kama kuna kipindi cha kliniki kinachofikia chakula kile.

Za kuacha kabisa

Kukata chini ya ulimi. Daktari maarufu wa upasuaji, Dieffenbach wa Berlin, alikata ndimi za wenye kigugumizi mwaka 1841. Watu waliumia, mbinu ikatupwa. Hakuna sababu ya kuirudia Lubumbashi kwa wembe.

Maombi ni jambo lingine. Hayazuii kliniki wala kikundi, na familia nyingi hupata nguvu humo. Wahubiri wenyewe hupenda kumtaja Musa aliyelalamika kwamba ulimi wake ni mzito, akatumwa kwa Farao vilevile. Ila mchungaji akisema mtoto ana pepo au ni mchawi, ondokeni siku hiyo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Si lazima mwende mahakamani. Kuitaja tu mara nyingi kunapunguza sauti ya mtu.

Vifaa vya sikioni vinavyomrudishia mtu sauti yake kwa kuchelewa kidogo vipo, ni ghali, na kwa wengi nafuu yake hupungua baada ya muda. Pesa hiyo ina kazi nyingine.

Mwaka wa mwisho wa sekondari

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloleta wazazi kwangu kwa mbio, wakiwa wamechelewa. Katika Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kuna Kifaransa cha kusema mbele ya mtahini, na kwa kijana wetu ni hofu ya mwaka mzima. Familia huniuliza kama inawezekana aondolewe. Kati ya kuondolewa na kuongezewa muda, chagua muda. Aliyeondolewa anabaki na pengo ambalo atalieleza baadaye kila atakapoomba kazi. Aliyepewa dakika za ziada amefanya mtihani kama wengine.

Mtu akikuambia hakuna msingi wa ombi hilo, kuna Sheria ya 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Najua familia nyingi hazitaki neno ulemavu liandikwe karibu na jina la mtoto wao, na kijana mwenyewe ndiye aamue kama litumike. Barua inaweza kueleza hali bila neno hilo.

Iandikwe mwanzoni mwa mwaka wa shule, kwa prefe (mkuu wa shule), na ieleze mambo matatu: kwamba kijana ana kigugumizi, kwamba kukwama si kutojua jibu, na kwamba anaomba muda zaidi na mtahini asimmalizie maneno. Ukiwa na karatasi ya mtaalamu, iambatishe. Kijana ajizoeze sentensi moja ya kuanzia, "Je bégaie, il me faudra un peu plus de temps" (nina kigugumizi, nitahitaji muda kidogo zaidi), na ajizoeze akiwa anakwama ndani yake, kwa maana siku hiyo atakwama ndani yake. Wenzake wa kikundi wacheze nafasi ya mtahini, mmoja mpole, mmoja mwenye haraka, mmoja anayetazama saa. Barua itolewe nakala mbili, na moja irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa shule.